Eye in the Sky, Cold Eyes au The Shadow's Edge: ukiwa na usiku mmoja tu, angalia ipi?

Hizi muvi tatu ni za ukoo mmoja na watu wengi wanazichanganya. Mkubwa wao ni Eye in the Sky ya Hong Kong, mwaka 2007. Mwaka 2013 Wakorea wakaichukua stori hiyohiyo wakaitengeneza upya kule Seoul kwa jina la Cold Eyes. Alafu 2025 Wachina wakaja na The Shadow's Edge, Jackie Chan ndani, mambo yote yanatokea Macau, na hii imechukua mbegu kutoka kwenye ile ya 2007 ikaenda nayo mbali kivyake. Zote zinahusu askari kanzu ambao kazi yao sio kupiga risasi wala kuvunja milango, kazi yao ni kumganda mtu mtaani bila yeye kujua, wajue anaishi wapi, anakula wapi, anaongea na nani, mpaka genge lote lijulikane.

Watu wanauliza kila siku waanze na ipi na jibu wanalopewa ni "zote kali, wewe angalia tu", jibu ambalo halimsaidii kabisa mtu mwenye bando la kushusha muvi moja na Jumamosi moja ya kupumzika. Mimi msimamo wangu nautoa mapema. Kama unachotaka kuona ni kazi yenyewe ya makachero, yaani ule ufuatiliaji wa hatua kwa hatua, chukua ya 2007. Kama unaangalia sebuleni na watu wengine ambao hawana uvumilivu wa muvi za kimyakimya, chukua Cold Eyes na hutajuta. The Shadow's Edge ni ya mtu anayetaka ngumi na visu, alafu ufuatiliaji uwe mchuzi wa pembeni. Sasa ngoja nieleze kwa nini, maana tofauti zao ni kubwa kuliko zinavyoonekana ukisoma maelezo ya nyuma ya kava.

Stori kwa kifupi, bila kuharibu utamu

Ya Hong Kong na ya Korea zina mifupa ileile. Binti mgeni anaingia kwenye kikosi cha ufuatiliaji, anapewa jina la kificho la mnyama kama wenzake wote, anafundishwa kazi na mzee mmoja mkongwe, na kikosi kina genge la wizi wa kutumia silaha la kulitafuta. Genge lina kiongozi ambaye hagusi kitu kwa mkono wake, yeye anakaa juu ya ghorofa anaangalia chini, anawaongoza vijana wake kwa simu, anahesabu muda. Kwa hiyo muvi nzima ni watu wawili wanaofanya kazi moja, polisi wanaangalia na jambazi naye anaangalia, na swali ni nani atamuona mwenzake kwanza.

Kwenye ya 2007 genge linavamia maduka ya sonara. Kwenye ya Korea ni benki, na mpango ni mkubwa zaidi, wanalipua sehemu nyingine ili polisi wakimbilie huko wakati benki inasafishwa. The Shadow's Edge inaanza na wizi wa sarafu za kidijitali, wezi ni vijana wanaojua kompyuta kuliko polisi, wanaingia kwenye mfumo wa kamera wa polisi na kuugeuza uwasaidie wao, mji mzima una macho lakini macho hayaoni. Hapo ndo polisi wanaenda kumgongea mlango mzee mstaafu, Wong Tak-chung, ambaye ni Jackie Chan, aje awafundishe vijana kufuatilia mtu kwa miguu na macho kama zamani.

Dakika kumi za mwanzo zinakwambia kila kitu

Kama hujui uchague ipi kati ya Eye in the Sky na Cold Eyes basi angalia tu mwanzo wa kila moja, maana sini ni moja lakini kila muongozaji ameifanya kwa imani yake.

Hong Kong: tuko kwenye tramu, zile za ghorofa mbili za kisiwa cha Hong Kong, ambako tramu zimekuwa zikitembea tangu 1904. Kuna mwanaume wa makamo ana kitambi, kavaa kizembe, ukimuona mtaani humkumbuki. Kuna binti anamfuata. Kuna mtu mwingine pia yupo hapohapo na hakuna anayemtilia maanani, sitasema zaidi. Hakuna anayekueleza nini kinaendelea, kamera inaruka kutoka uso huu kwenda ule, inavuta karibu, inaachia, wanashuka, wanatembea, binti anapotea kidogo alafu anampata tena, na wewe mtazamaji unajitahidi kuelewa nani anamfuata nani. Baadae yule mwenye kitambi anakaa naye meza moja na kuanza kumuuliza, umeona nini, nani alikuwepo, alifanya nini. Ni mtihani. Yeye ndo bosi wake mpya na njia nzima ilikuwa usaili. Hapo unagundua kwamba na wewe ulikuwa unafanya mtihani na umefeli, maana picha zilikuwa mbele ya macho yako na hukuzishika.

Seoul: sini ileile, ila treni ya chini ya ardhi, na kila kitu kinang'aa. Binti anaitwa Ha Yoon-ju, anachezwa na Han Hyo-joo, na anapoulizwa maswali anagongagonga kidole mezani kwa mdundo, picha zinarudi nyuma, tunaingia kichwani mwake, tunaona anavyovuta kumbukumbu moja baada ya nyingine mpaka vitu ambavyo hata bosi wake hakutegemea. Ni sini tamu sana, imepangwa vizuri, unatoka hapo unasema huyu dada ni hatari.

Sasa angalia tofauti. Kwa Wakorea kuona ni kipaji, Yoon-ju amezaliwa nacho, kumbukumbu yake ni ya ajabu na muvi inataka ushangae. Kwa Hong Kong kuona ni kazi, inafundishwa, inachosha miguu, unaikosea leo unaifanya tena kesho. Binti wa Hong Kong hana kipaji cha ajabu, ana moyo tu na mwalimu mzuri. Mimi hii ya pili ndo inanigusa, kwa sababu mtu wa kawaida anapojifunza kitu kigumu mbele ya macho yako unakuwa unajifunza naye, unaanza kuangalia pembe za picha, unaanza kuhesabu watu, na ukimaliza muvi ukitoka kwenda dukani unajikuta unaangalia viatu vya watu na mikono yao. Cold Eyes haikupi hicho, inakupa raha ya kumtazama mtu mwenye uwezo mkubwa akiutumia, ambayo nayo ni raha halali kabisa.

Ya 2025 ina jibu la tatu: kuona ni hekima ya mzee. Mashine zimeshindwa, vijana wa kompyuta wanabishana, na mzee anawaambia wazime skrini washuke barabarani. Wazo zuri sana na sehemu ya mafunzo, pale Tak-chung anapowapanga vijana, nani atangulie, nani abaki nyuma, nani ajifanye nani, ni sehemu bora ya muvi nzima, natamani ingekuwa ndefu zaidi.

Jambazi

Hapa kuna jambo ambalo wapenzi wa muvi hizi wanalifurahia mno. Jambazi wa 2007 na jambazi wa 2025 ni mtu mmoja, Tony Leung Ka-fai. Tahadhari, huyu sio yule Tony Leung Chiu-wai ambaye wengi wanamjua, wanafanana jina tu na wote ni wa Hong Kong. Ka-fai alikuwa kiongozi wa genge kwenye Eye in the Sky, na miaka 18 baadae amerudi kwenye The Shadow's Edge, yupo miaka 67, jambazi mkuu tena, kivuli kinachotafutwa na mji mzima. Ukiangalia zote mbili kwa kufuatana unaona kama mtu yuleyule alitoroka akazeeka na ujuzi wake.

Ila wamemuandika tofauti kabisa. Shan, yaani jambazi wa 2007, anaongea kidogo, anajaza sudoku, anakula peke yake, anapanda juu ya jengo na kuangalia. Humjui katokea wapi wala anafanya kwa ajili ya nani na hiyo ndo inamfanya atishe, kwa sababu polisi nao hawajui, wanachojua ni kile tu walichokiona. Kuna wakati anatembea mtaani na ghafla anahisi kitu, hageuki, anapunguza tu mwendo, na wewe pumzi inakata kwa sababu unajua nyuma yake kuna askari na unajua yeye amejua, au bado hajajua, huna uhakika. Hakuna mlio wa risasi, hakuna mtu amekimbia, mwendo tu umebadilika. Muvi chache sana zinaweza kukutisha kwa mwendo wa mtu.

Fu Longsheng wa 2025 ni baba. Amelea mayatima, amewafundisha, wanamuita baba na wanamuogopa, na ukiweka ubaba huo pembeni ya Jackie Chan ambaye naye ana deni kwa binti wa mwenzake aliyekufa kazini, unapata muvi inayohusu wazee wawili na watoto sio wao. Pale wazee hawa wawili wanapokaa karibu, kila mmoja akimpima mwenzake kwa tabasamu huku anajifanya jirani wa kawaida, hapo muvi inashika mtu kooni. Na visu, jamani. Ka-fai anapigana visu kwa kasi ambayo huwezi kuamini umri wake.

Wa Korea ni James, Jung Woo-sung, mtu aliyezoeleka kuwa steringi na mzuri wa sura, hapa kawekwa upande wa pili. Amevaa vizuri, ametulia, anaua kwa kalamu ya wino. Nasema ukweli wangu, James anavutia sana kumtazama lakini ndo jambazi dhaifu wa watatu kwa upande wa kuogopesha, kwa sababu muvi inampenda mno, kila akisimama juu ya ghorofa kamera inamzunguka na upepo unapuliza koti. Mtu anayetaka kujificha hasimami hivyo. Shan ungempita kwenye daladala, James usingempita.

Mkongwe anayefundisha

Simon Yam ndo mwalimu wa 2007, jina la kificho Dog Head. Kama umeangalia Ip Man ya 2008 unamjua, yule rafiki wa Ip Man mwenye kiwanda cha pamba. Hapa ana kitambi, anatania, anapiga stori ndefu ndani ya gari wakati wanasubiri, na wanasubiri kweli, masaa yanapita, watu wanakula ndani ya gari. Maggie Siu ndo bosi wa juu, mkali na mdomo mchafu, anafurahisha sana. Hicho kikosi kina harufu ya ofisi ya kweli, wametaniana miaka mingi, wanajuana tabia, na ndo maana mambo yanapoharibika unaumia.

Kwenye Cold Eyes ni Sul Kyung-gu, muigizaji mkubwa sana Korea, na anafanya kazi yake vizuri ila mwalimu huyu ni mkali zaidi na mpweke zaidi. Anayeteka pale ni Lee Junho, kijana wa kikosi anayeitwa kwa jina la kindi, na kwa wale wapenzi wa sizoni ndo yuleyule wa King the Land, hapa bado mdogo na mchangamfu, kila akiingia sini inapata uhai. Han Hyo-joo alipewa tuzo ya muigizaji bora wa kike kwenye Blue Dragon, tuzo kubwa za filamu za Korea, mwaka huo wa 2013 kwa muvi hii, na aliistahili. Alafu mwishoni kuna mtu anatokea kidogo tu, ukiwa umeangalia ile ya Hong Kong kwanza utapiga kelele, ni Simon Yam mwenyewe kaja kusalimia. Hiyo pekee ni sababu ya kuzifuata kwa mpangilio wa miaka.

Jackie Chan, miaka 71 wakati inatoka, amekubali kuzeeka kwenye hii, na mimi nimefurahi sana. Sio yule wa kuruka kutoka jengo hadi jengo akicheka. Anachoka, anakosea, anapigwa, na ukimuona anakaa chini kupumua unajua sio maigizo yote. Muongozaji Larry Yang alishafanya naye Ride On ya 2023 na inaonekana anajua namna ya kumtumia mzee bila kumdhalilisha. Huko China muvi ilivuka yuan bilioni 1 kwenye mauzo ya tiketi, watu waliipokea kwa mikono miwili.

Kanuni ya kutoingilia

Hiki ndo kiini cha muvi zote hizi na ndo sababu nazipenda kuliko muvi nyingine za polisi. Kikosi cha ufuatiliaji hakiruhusiwi kuonekana. Ukiona mtu anapigwa mtaani wakati uko kazini, wewe sio polisi kwa dakika hiyo, wewe ni mpita njia, unapita. Ukijitokeza umejichoma, umewachoma wenzako, na kazi ya wiki nyingi imepotea. Kukamata ni kazi ya kikosi kingine, wewe unaona, unakumbuka, unaripoti.

Ni rahisi kuisema kanuni hiyo ukiwa umekaa kwenye kochi. Ila kuna sehemu inafika, kwenye ya 2007 na kwenye ya 2013 pia, binti anasimama kati ya mtu anayevuja damu na mtu anayetokomea, redio sikioni inaongea, na lazima achague. Hong Kong wameifanya sehemu hiyo kwa ukatili wa kimya, inatokea haraka mno, hakuna muziki wa kukuandaa, na uso wa Kate Tsui anayecheza binti huyo, ambaye ilikuwa muvi yake ya kwanza kabisa maishani, unabeba yote. Alipata tuzo ya msanii mpya bora kwenye tuzo za filamu za Hong Kong 2008, na muongozaji Yau Nai-hoi naye akapata ya muongozaji mpya. Yau alikuwa muandishi wa miaka mingi kwenye Milkyway, kampuni ya filamu ya muongozaji Johnnie To, alishaandika The Mission na PTU na Election, hii ndo ilikuwa mara yake ya kwanza kushika kiti cha muongozaji, na ukiitazama unaona ni muvi ya mtu anayejua kwamba huhitaji maneno mengi.

Wakorea sehemu hiyo wameirefusha, wameweka hisia zaidi, na watu wengi wanalia. Siwalaumu wanaolia. Ila mimi ile ya haraka ndo imebaki na mimi, kwa sababu kazini mambo hayakupi muda wa kulia.

Mji wenyewe

Kwenye muvi ya kufuatilia watu mji ni muigizaji. Hong Kong ya 2007 imebanana, ngazi, vichochoro, vibanda vya chakula, mabango juu ya kichwa, mtu akikata kona umempoteza, na kamera iko mbali inapiga kwa lenzi ndefu kupitia watu na magari kama vile na sisi tunachungulia. Ni picha chafu kidogo, inatikisika, kwa baadhi ya watu inaumiza kichwa na hilo nawaambia mapema. Kwa dakika 90 tu inapita bila kugundua.

Seoul ya Cold Eyes ni pana, vioo, barabara za njia nyingi, na wamepata nafasi ya kufukuzana kwa magari na kupanga watu wengi kwenye makutano. Kuna sehemu kikosi kinamtafuta mtu mmoja mnene waliyempa jina la Kiboko, wanachoshika ni tabia zake tu na eneo analoonekana kupita, basi wanatega mtaa mzima na kusubiri atokee. Sehemu hiyo ni darasa. Hapo Cold Eyes inaishinda ile ya kwanza kwa uwazi, unaelewa kila hatua, nani yuko wapi, kamera ya barabarani imeona nini, kwa nini wamesogea huku. Ni dakika 119 na hazichoshi.

Macau ya 2025 ina makasino yanayong'aa upande mmoja na mitaa ya zamani yenye soko na nyumba zilizochoka upande wa pili, na muvi inafanya vizuri zaidi ikiwa mitaani kuliko ikiwa kwenye skrini za kompyuta. Urefu wake ni zaidi ya masaa mawili na dakika ishirini, na nusu ya mwisho inageuka kuwa muvi ya kupigana moja kwa moja, nzuri kwa kupigana, ila aliyekuja kwa ajili ya ufuatiliaji atahisi amebadilishiwa sahani katikati ya chakula.

Kuna kitu kimoja nataka mtu akiangalie na macho mawili. Hong Kong ilipitisha sheria ya kudhibiti unasaji wa mawasiliano na ufuatiliaji wa siri Agosti 2006, baada ya mabishano makubwa kuhusu polisi kusikiliza na kuchungulia watu, na Eye in the Sky ikaoneshwa tamasha la filamu la Berlin Februari 2007, miezi michache tu baadae. Lakini ndani ya muvi hakuna anayeuliza kibali cha kumfuata mtu kimetoka wapi. Cold Eyes nayo kimya, kikosi kinafungua kamera za mji mzima kama mtu anafungua friji yake. The Shadow's Edge angalau inaonesha kwamba ukijenga macho ya kuona kila mtu kuna siku atakuja mwizi ayatumie, alafu inaliacha hilo wazo njiani inakimbilia visu. Mimi ningependa siku moja mtu atengeneze ya nne inayokaa na raia wa kawaida aliyefuatiliwa miezi mitatu kimakosa, maana hawa wote tunaowaona wanagandwa mtaani ni wahalifu kweli, na maisha sio hivyo kila mara.

Kwa hiyo nani achukue ipi

Hujawahi kuangalia muvi ya Asia zaidi ya za kungfu, au unaangalia na mwenza wako ambaye anapenda sizoni za Kikorea, Cold Eyes. Ina kila kitu, wasiwasi, vichekesho kidogo, machozi, jambazi mzuri wa sura, na hakuna sehemu utapotea. Zaidi ya watu milioni 5 waliilipia tiketi Korea na naelewa kwa nini. Ni chaguo salama na silisemi kwa dharau, kutengeneza upya muvi nzuri bila kuiharibu ni kazi ngumu na wao wameiweza.

Umeshaangalia muvi nyingi za polisi na umechoka na za kulipuana, unataka ile inayokuheshimu, haikuelezi kila kitu, Eye in the Sky. Nikilazimishwa kubaki na moja kati ya tatu nabaki na hii. Tukio moja karibu na mwisho linategemea bahati kupita kiasi na wapo wanaolikataa, ni haki yao, kwangu halikuondoa kitu.

Una baba au mjomba aliyekulia kwenye mikanda ya Jackie Chan, mkalishe mbele ya The Shadow's Edge, mpe muda wote, usimkatishe.

Ukiwa na wikiendi nzima nenda kwa mpangilio wa miaka, 2007, 2013, 2025. Ukianza na ya Korea alafu urudi Hong Kong, ya Hong Kong itaonekana ndogo na chafu kwa sababu macho yameshazoea picha safi, itakuwa umeionea.

Kuhusu zile zilizotafsiriwa na madj wetu. Mimi napenda sana kazi ya madj na najua wengi tumekua nazo, na kwa The Shadow's Edge ukipata iliyotafsiriwa vizuri haina shida, ngumi hazihitaji ukimya. Cold Eyes pia inabebeka. Ila Eye in the Sky nakuomba utafute yenye maandishi chini na sauti yake ya Kikantoni, kwa sababu nusu ya muvi ni redio za polisi kwenye sikio, hatua za miguu, kelele za barabarani, na ule ukimya jambazi anapopunguza mwendo. Dj akiongea juu yake umepoteza kile ulichokuja kukichukua. Na vaa earphone kama unaangalia kwenye simu.

Na kuwa makini wakati wa kutafuta. Kuna Eye in the Sky nyingine ya 2015, ya Helen Mirren na Alan Rickman, inayohusu shambulio la droni, stori yake iko Nairobi ingawa imeshutiwa Afrika Kusini, na ndo inayotokea kwanza ukiandika jina hilo. Ni muvi nzuri ila sio hii. Andika jina pamoja na mwaka 2007, au ongeza Simon Yam, utaipata.